Kabla ya kuwasha moto kwenye mpaka wa msitu

Januari na Februari, mvua ndefu ikikaribia, moshi hufuka kwenye mashamba mengi yanayopakana na Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Mkulima anasafisha mpaka, moto unavuka, na majani yaliyotanda chini ya miti yanateketea kwa saa chache. Mahindi ya msimu wa kwanza hapo hunawiri sana, na hilo ndilo linalopotosha watu.

Udongo wa msitu wa mvua mara nyingi ni mkongwe, umechujwa na mvua na una asidi. Miti hula kwa mzunguko: jani linaanguka, mchwa, nyungunyungu na kuvu wanalivunjavunja, kisha mizizi midogo iliyo juu juu inanyonya virutubisho kabla mvua haijavizamisha. Moto hukata mzunguko huo. Joto likifika nyuzi 200 hivi za Selsiasi, naitrojeni huanza kutoka na moshi. Kwenye nyuzi 500 sehemu kubwa imeshakwenda. Potasiamu, kalsiamu na fosforasi hubaki zaidi kwenye majivu, yakapunguza asidi kwa muda. Lakini majivu hupeperushwa na upepo, na mvua kubwa ya kwanza huyasomba hadi mtoni.

Piga hesabu. Tani 2 za majani makavu kwenye ekari, yakiwa na naitrojeni asilimia 1.5, zina kilo 30. Mfuko wa mbolea ya CAN wa kilo 50 wenye naitrojeni asilimia 26 una kilo 13. Umechoma zaidi ya mifuko miwili.

Kibaya zaidi ni kurundika magogo na kuyachoma. Moto wa nyasi hupita upesi na joto haliendi chini sana, lakini rundo huwaka kwa saa nyingi, hupika udongo ukawa kama tofali na kuua viumbe wengi walio ndani.

Badala ya moto, fyeka kwa panga na utandaze mabaki kati ya mistari, unene wa sentimita 5 hadi 10, mbali kidogo na shina ili lisioze. Majani magumu ya mti wa grevilea huoza polepole, kwa hiyo yaweke kwenye mboji kwa tabaka: sentimita 20 za majani makavu, 10 za alizeti mwitu mbichi (tithonia), halafu samadi na maji. Pindua kila baada ya wiki 3. Usichanganye majivu na samadi mbichi: yataifukuza naitrojeni kama amonia, na utaisikia harufu yake.

Mahali palipokwisha kuungua, usilime mara moja. Laza matawi kukinga mteremko, zuia ng'ombe wasipakanyage, na mvua ikianza panda maharagwe au fiwi yafunike ardhi. Majivu ya jikoni tawanya kidogo kidogo. Yakirundikana mahali pamoja, miche hukauka.