SOMO: Pima presha nyumbani upate namba ambazo daktari atazitumia

Wanajamvi, salaam. Siku hizi mashine za presha zimejaa majumbani, ila namba nyingi zinazoletwa kliniki hazisaidii. Mtu kapima mara moja, katoka kupanda ngazi, mkono unaning'inia, tena juu ya sweta. Somo hili ni la mashine ya dijitali inayofungwa juu ya kiwiko. Zile za kifundo cha mkono sizipendi, hukosea kirahisi.

Hatua ya 1: Mkanda ukutoshe. Hapa ndipo wengi hupotea. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha linganisha na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda. Mikanda mingi ni ya sm 22 hadi 32. Mwenye mkono mnene akijibana humo, mashine itamtangazia presha asiyokuwa nayo. Ulizia mkanda mpana kabla hujalipa.

Hatua ya 2: Nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye kazi nzito. Kakojoe kwanza, kibofu kikijaa presha hupanda.

Hatua ya 3: Keti dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo chini, miguu usiipishanishe. Mkono uulaze mezani, mkanda uwe usawa wa moyo, vidole 2 juu ya kiwiko, kwenye ngozi tupu. Nyamaza. Simu nayo iweke mbali, kusoma ugomvi wa kundi la ukoo si kupumzika.

Hatua ya 4: Pima mara 2, zipishane dakika 1. Asubuhi kabla ya dawa, na jioni, kwa siku 7. Andika zote, hata zisizokupendeza, namba ya juu kwanza kisha ya chini: "Jumatatu asubuhi 146/92, 141/88."

Hatua ya 5: Za siku ya kwanza ziache, tafuta wastani wa zilizobaki. Kwa vipimo vya nyumbani, 135/85 kwenda juu ni presha ya kupanda. Ile 140/90 mnayoisikia ni ya kliniki, ambako wengine hupanda kwa wasiwasi tu.

Ukikuta 180/120, tulia dakika 5, rudia. Kama haijashuka na kifua kinauma, pumzi inakata, upande mmoja umelegea au ulimi umekuwa mzito, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kama huna dalili, wasiliana na kituo chako siku hiyo hiyo, usijiongezee dozi.

MASWALI

— Shikamoo daktari. Mama namba ya juu mkono wa kulia 150, wa kushoto 138. Tufuate upi?

Marahaba, ila mimi ni muuguzi. Fuateni wenye namba kubwa, huo huo kila siku. Tofauti ya zaidi ya 10 ikijirudia, daktari aambiwe. Huenda mshipa wa upande mmoja umekuwa mwembamba.

— Nimeanzishiwa dawa 2 kwa mpigo, amlodipini na ya kukojoza. Si nyingi?

Hapana, kaka. Utafiti wa CREOLE wa 2019 ulifuatilia wagonjwa 728 wa nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na mchanganyiko kama wako ulikuwa kati ya ile iliyoshusha presha vizuri zaidi. Miguu ikivimba, amlodipini hufanya hivyo. Kasemeni na daktari, usiiache kimya kimya.

— Imeshuka 120/78. Naweza kuacha dawa?

Imeshuka kwa sababu unazimeza. Kupunguza ni uamuzi wa daktari, akiwa na daftari lako mbele yake.

— Sisi wa pwani, papa mkavu tumuache?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate na vidonge vya mchuzi. Papa mloweke usiku, mwaga maji, mchemshe, mwaga tena, na kwenye tui usitie chumvi kabisa. Hata hivyo, dada, asiwe wa kila wiki.