Namna ya Kusoma Maandishi ya Kigiriki kwenye Makaburi ya Wakristo wa Kwanza

Weka taa ubavuni mwa jiwe, si mbele yake, ili mwanga uambae juu ya uso wake na mikato iliyofifia ijitokeze kwa vivuli. Kisha nakili kila herufi kama ilivyo, bila kusahihisha chochote. Nalisisitiza hili kwa sababu msomaji aliyejifunza Kigiriki vitabuni huwa na haraka ya kumrekebisha mchongaji, na kwa kufanya hivyo hufuta ushahidi wenye thamani kubwa.

Chukua maneno yanayofungua maandishi mengi: ΕΝΘΑΔΕ ΚΕΙΤΑΙ, yaani "hapa amelala". Mara nyingi utakuta ΕΝΘΑΔΕ ΚΙΤΕ. Mchongaji aliandika alivyosikia, kwa kuwa wakati huo ΕΙ ilikwisha kutamkwa kama Ι, na ΑΙ kama Ε. Kwa hiyo neno likikukwamisha, lisome kwa sauti. Sikio huelewa mahali ambapo jicho limeshindwa.

Maneno huandikwa bila nafasi kati yake, na sigma, yaani herufi ya S, huwa na umbo la C. Mstari juu ya herufi mbili usiudhanie kuwa mkwaruzo, maana ndio alama ya kufupisha majina matakatifu: ΘC ni Theos, Mungu, na ΚC ni Kyrios, Bwana. Neno ΚΟΙΜΗΤΗΡΙΟΝ, "mahali pa kulala", linalopatikana sana Attica, eneo la Athene, na Korintho, hutaja kaburi moja tu, si uwanja mzima wa makaburi, na ndani yake mna imani nzima kwamba aliyelala ataamka.

Kwa tarehe, kumbuka kwamba herufi ni tarakimu pia: Α ni 1, Ι ni 10, Τ ni 300. Jiwe la Alexandros wa Hieropolis, huko Frigia katika Uturuki ya leo, lina mwaka Τ. Hesabu ya huko ilianzia mwaka 85 KK, hivyo mwaka huo wa 300 ni 216 BK. Jiwe hilohilo linamtoza atakayezika mtu mwingine humo vipande 2,000 vya dhahabu kwa hazina ya Roma na 1,000 kwa mji wake.

Alama za picha zitazame mwishoni, na kwa uangalifu. Jiwe la Licinia Amias, lililopatikana Vatikani, lina samaki wawili, alama ya Kikristo, na maneno ya Kigiriki "Samaki wa walio hai", lakini juu yake zimechongwa herufi za Kilatini D M, salamu ya kipagani kwa mizimu ya wafu.