Kitabu Kikuukuu Kiingie Simuni: Hatua kwa Hatua

Kabla hujagusa kamera, fungua ukurasa wa hakimiliki. Wengi hapa Nairobi hudhani kitabu kisichochapishwa tena ni cha kila mtu. Sivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Aliyefariki 1970, ulinzi wake uliisha mwisho wa 2020. Aliyefariki 1990, watafute warithi, na uulize pia kama mkataba ulimwachia mchapishaji haki. Ruhusa iwe ya maandishi. Ya mdomo huyeyuka pesa zikionekana.

Hatua ya pili ni picha. Skana ya kulaza kitabu huvunja mgongo wa kitabu ambacho gundi imekauka. Mimi hutumia simu juu ya stendi (Luthuli Avenue hutazikosa), kitabu kando ya dirisha, flashi imezimwa, na kipande cha kioo juu ya ukurasa usijikunje. Piga kurasa zote za kulia kwanza, kisha za kushoto, bila kusogeza kamera. Kila picha ipe jina la namba ya ukurasa wake, na uzihesabu kabla hujamrudishia mwenyewe kitabu. ScanTailor, programu ya kompyuta ya bure, itanyoosha kurasa na kufuta madoa.

Hatua ya tatu, geuza picha ziwe maandishi. Tesseract, programu ya kusoma herufi zilizo kwenye picha, nayo ni ya bure na inajua Kiswahili: iambie lugha ni "swa", isije ikakisoma kama Kiingereza. Hata hivyo itakosea. "Mama" hutoka "rnama", herufi l huwa namba 1, na neno lililokatwa mwisho wa mstari hubaki vipande viwili. Kinachonisumbua zaidi ni ng'. Kile kialama kikidondoka, "ng'ombe" huwa "ngombe", na hapo angalau kosa linaonekana. Lakini "ng'oa" ikiwa "ngoa", kompyuta haitapiga kelele, maana ngoa nayo ni neno. Kosa hilo hunaswa na jicho la mtu tu.

Ndiyo maana hatua ya nne hula muda kuliko zote pamoja, na haifai kufanywa peke yako. Distributed Proofreaders, wanaojitolea kusahihisha vitabu mtandaoni tangu 2000, hufanya kazi ukurasa kwa ukurasa: picha upande mmoja, maandishi upande wa pili, msomaji wa kwanza, kisha mwingine. Waige. Gawa kurasa kumi kumi, weka faili kwenye hifadhi ya pamoja, na jedwali la nani amemaliza nini. Kundi la WhatsApp liwe la kuhimizana tu. Masahihisho yakitumwa humo yatazama kati ya salamu za asubuhi na michango ya harusi.

Waambie wote: tunasahihisha mashine, hatumsahihishi mwandishi. Vitabu vilivyotangulia usanifishaji wa miaka ya 1930 vina tahajia zao, viache navyo. Ukiwa na mashairi, omba mzee mmoja wa Pwani awe msomaji wa pili. Kijana wa Eastlands akikuta "mato" ataandika "macho", na beti lote litapoteza vina.

Kutengeneza EPUB, yaani faili ya kitabu cha kusomea simuni, si kazi kubwa: programu ya Sigil inatosha. Wekea sura vichwa halisi ili yaliyomo yajitengeneze, kisha ijaribu kwenye simu ya bei nafuu. EPUB ya maandishi matupu aghalabu haifiki megabaiti moja, ilhali PDF ya picha hufika makumi, na msomaji ndiye anayelipia bando.

Kama unauza, omba ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) mpya kwa Kenya National Library Service. Ile ya kitabu cha karatasi haitumiki kwa EPUB. Kama hakimiliki imekwisha, kipandishe Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, pamoja na picha zako, ili atakayeona kosa alinganishe. Andika tarehe ya toleo kwenye jina la faili, maana masahihisho yataendelea kuja.