Jikoni na bafuni, chagua mng'ao kabla ya rangi

Wateja wengi wakinipigia simu kuhusu jiko au bafu, wanaanza na krimu, kijivu, au ile nyeupe ya maziwa. Mimi nauliza kwanza: unapikia gesi au mkaa, na dirisha linafunguka? Krimu ipo kwenye kopo la mati, la silki na la glosi, na hapo ndipo penye uamuzi. Ukikosea, hata krimu nzuri namna gani, baada ya mwaka itakuwa na mabaka.

Ndani ya kopo kuna unga wa rangi na gundi inayoushika. Mati ina unga mwingi na gundi kidogo. Ikikauka inabaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, kwa hiyo inaficha vizuri kasoro za plasta lakini inanyonya mafuta na maji. Silki ina gundi zaidi, uso wake umejifunga, na inang'aa kidogo. Glosi, ambayo wengi wetu tunaiita rangi ya mafuta, imejifunga kuliko zote.

Jikoni, kwa nyumba nyingi ninazopaka hapa Dar, naweka silki kuta zote. Mahali pa kufikiria zaidi ni nyuma ya jiko lenyewe. Ukikaanga samaki, mafuta yanaruka na kuganda ukutani, yanakuwa utando wa manjano unaonata na kukamata vumbi na masizi. Pakiwa na mati, ukisugua kwa dodoki na sabuni doa linatanuka, rangi inatoka na dodoki, na pale uliposugua panabaki baka linalong'aa ambalo halitaondoka mpaka upake upya. Silki inavumilia kitambaa chenye sabuni. Kwa mama anayechoma maandazi ya biashara kila alfajiri, hata silki haitoshi: weka vigae, na kama fedha bado, paka glosi kuanzia kaunta hadi juu ya usawa wa kichwa.

Kupaka glosi jiko zima siungi mkono, ingawa wapo wanaoamini ndiyo imara. Glosi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano, hasa sehemu zenye giza kama nyuma ya friji, na inaanika kila bonde la plasta. Kabla hujaamua, usiku zima taa, laza tochi ya simu ukutani ili mwanga upite kandokando. Vivuli vyote utakavyoviona ndivyo glosi itakavyokuonyesha kila siku. Vikiwa vingi, ama piga puti (uji wa kujazia mabonde ya ukuta) na msasa upya, ama ridhika na silki.

Bafuni watu hukumbuka kuta na kusahau dari. Mvuke wa maji ya moto unapanda, unagusa dari, unageuka matone. Dari ya gipsamu iliyopakwa mati ya kawaida inayanywa, na vidoa vyeusi vya ukungu huanzia kwenye kona iliyo juu ya bomba la mvua. Paka silki hadi darini, na ukipata iliyotiwa dawa ya ukungu, lipa hiyo nyongeza. Ila dirisha likizibwa kwa boksi kwa sababu ya majirani, ukungu utarudi juu ya rangi yoyote. Weka vioo visivyoonyesha ndani kwenye dirisha linalofunguka, hewa ipite.

Ukungu uliopo usiufunike kwa rangi. Changanya dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, sehemu moja kwa maji sehemu tatu, vaa glavu, fungua dirisha, pakaa, subiri robo saa, suuza, acha pakauke kabisa. Tafadhali sana, usiichanganye na asidi ya kusafishia choo. Hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo halina pa kuikimbilia.

Kama rangi ya zamani inavimba na unga mweupe wa chumvi unatoka chini ya ukuta, unyevu uko ndani ya ukuta. Bandika kipande cha nailoni, zungushia utepe wa kunata pande zote, kiache mpaka kesho yake. Matone yakiwa upande wa ukutani, tafuta bomba linalovuja au maji yanayopanda kutoka kwenye msingi kwanza. Ukifunika kwa glosi, itatoka malengelenge.

Plasta mpya ipe kama wiki nne. Ukali wa saruji mbichi huishambulia rangi ya mafuta, ikalainika na kubanduka, kwa hiyo tanguliza praima (rangi ya chini inayotangulia) inayohimili saruji. Na juu ya glosi ya zamani silki haishiki hivihivi: osha kwa sabuni, piga msasa mpaka mng'ao ufe, kisha praima. Msasa huo uwe na maji, maana rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa.

Kuhusu kiasi, lita moja ya silki hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kwenye ukuta laini. Bafu la mita 2 kwa 1.5, lenye kuta za urefu wa mita 2.7 na vigae hadi mita 1.8, lina kama mita za mraba 9 za kupaka pamoja na dari. Mikono miwili ni lita 2. Fundi akikuandikia galoni mbili za lita 4, muulize nyingine ya wapi.

Rangi ikikauka kwa kugusa bado haijakomaa. Usiisugue kwa wiki mbili. Iliyobaki funga vizuri, andika namba ya rangi juu ya kopo, na siku ya kurekebisha usipake pale penye doa tu, kwa sababu silki huonyesha kiraka. Paka ukuta huo mzima, kona hadi kona.