Una miaka 15 kazini na hujaandika kitu? Anza blogu hivi

Wakongwe wenzangu tuongee kidogo. Mi ni fundi wa pampu na mota, miaka yote nilikuwa nasema mimi siyo mwandishi bana, niacheni na spana zangu. Kumbe nilikuwa naandika kila siku kwenye simu, nawajibu vijana maswali yaleyale.

Hatua ya 1. Usikae kutafuta mada. Fungua meseji ulizotuma, rudi nyuma miezi mitatu hivi, swali ulilolijibu zaidi ya mara mbili ndo posti yako ya kwanza. Kopi hilo jibu, tayari una rasimu.

Hatua ya 2. Chukua tatizo moja, dogo. Hapa ndo wakongwe tunaharibu, mtu anataka aandike yote kuhusu pampu, aya ya tatu kachoka kaacha. Ya kwangu ilikuwa pampu inayolia kama imemeza kokoto. Kijana anabadilisha beringi, baada ya muda inalia tena, anabadilisha tena, kumbe chujio la upande wa kuvuta maji limeziba, presha inashuka mno, maji yanatoa mapovu ya mvuke, na yale mapovu yakiingia kwenye impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, yanapasuka na kung'oa chuma kidogokidogo. Kwako hiyo ni kawaida hadi unaona aibu kuiandika, ila mtu wa mwaka wa pili kazini hajui. Na usiishie kwenye jibu, eleza ulivyolifikia: ulisikia nini, geji gani uliangalia kwanza, ulikosea wapi. Mi mwenyewe nilishawahi kufunga beringi mpya kabla sijagusa chujio, na nimeiandika hivyohivyo. Kitabu cha maelekezo ya pampu hakina hiyo sehemu.

Hatua ya 3. Kuandika kukigoma, jirekodi sauti kama unamwelekeza mtu mmoja unayemjua, halafu andika ulichosema.

Hatua ya 4, hii usiiruke. Toa jina la mteja, namba za mashine, na chochote kinachomtambulisha. Picha za simu mara nyingi zinabeba mahali zilipopigwa, zifute hizo taarifa kwanza. Soma na mkataba wako wa kazi, kuna vitu si vyako kuvisema.

Hatua ya 5. Jukwaa lisikupotezee wiki. Blogger ipo tangu 1999, WordPress tangu 2003, zote unaanza bure. Ukiweza nunua domeini yako, yaani anwani yako mwenyewe ya mtandaoni, ili siku ukihama wasomaji wakukute palepale, na nakala ya kila posti baki nayo.

Hatua ya 6. Kichwa kiwe maneno anayotafuta mtu aliyekwama, "pampu inalia kama ina kokoto", siyo lugha ya ripoti.

Hatua ya 7. Rusha. Atatokea mkongwe mwingine aseme umekosea, usinune, kapime tena, kama ni kweli sahihisha na uweke tarehe ya sahihisho. Ile ya pampu nimeshairudia mara mbili.