Kubadilisha sivi jointi na shafti za nyuma za Volkswagen Beetle

Kabla ya kununua kifaa chochote, ingia kwanza chini ya gari, kwa sababu si kila Beetle ina sivi jointi, yaani kiungo chenye gololi kinachoiruhusu shafti kujikunja huku ikizunguka. Yenye ekseli ya zamani ina mpira mmoja tu kila upande, pale kwenye giaboksi, na kutoka hapo hadi gurudumuni utaona bomba nene la chuma. Yenye shafti za jointi mbili, kama modeli za 1302 na 1303, ina mipira miwili kila upande, na katikati shafti iko wazi. Beetle za Brazili zilibaki na ekseli ya zamani hadi mwisho.

Ukishalitambua gari, pima. Jointi ya Beetle ina kipenyo cha milimita 94, ya Kombi milimita 100, na zikiwa zimejaa grisi mezani jicho halizitofautishi.

Weka kinga kwenye magurudumu ya mbele, inua nyuma, kisha ulikalishe gari juu ya stendi, kwani jeki peke yake si ya kuaminiwa. Nati kubwa ya gurudumu usiiguse. Kila jointi imeshikwa na bolti sita zenye tundu la meno 12, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika: tundu hujaa matope yaliyokauka, spana inaingia nusu, fundi anavuta, meno yanalika. Mimi mwenyewe niliharibu bolti mbili kwa haraka, nikamaliza alasiri nzima nikizitoa kwa patasi. Chokoa matope kwa msumari, safisha kwa mafuta ya taa, gonga spana kwa nyundo hadi ifike chini, ndipo ulegeze.

Shafti ikitoka, toa klipu, lakini kabla ya kuigonga jointi angalia washa (kipete chembamba cha chuma) iliyobonyea imeelekea upande gani na uirudishe vivyo hivyo. Jointi mpya ina nyota ya ndani, yaani kipande cha katikati chenye njia za gololi, kinachokaa ndani ya kikombe cha nje. Upande ambao meno yake yamechongwa ukingoni ndio unaoelekea bega la shafti. Izungushe kwa mkono kila upande. Ikikwama, nyota imepachikwa kinyume ndani ya kikombe, basi ifungue upya. Jaza grisi nyeusi ya molibdeni, gramu 90 hivi kwa kila jointi, futa mashimo ya bolti yawe makavu, kaza bolti kwa Nm 35 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha uzikague tena baada ya safari ya kwanza.

Swali: Fundi, naweza kufunga jointi za Kombi kwa kuwa ni imara zaidi?
Jibu: Hapana, ndugu yangu, mpaka ubadilishe pia flanji, yaani sahani ambazo jointi hufungwa kwazo, za giaboksi na za gurudumuni.

Swali: Jointi zangu zinagonga ninapokanyaga mafuta, lakini gololi hazijavunjika. Nisubiri?
Jibu: Zifungue uzioshe. Njia za gololi zikiwa na alama upande mmoja tu, bila mashimo, hamisha shafti ya kushoto iende kulia, ili gololi zisukume upande ambao haujalika. Zikiwa na mashimo, nunua mpya.