Unguja wakati wa kipupwe: namna ya kupangia siku Mwaka Kogwa, maji ya pwani na matembezi mengine

Juni na Julai ni miezi mizuri mno kuitembelea Unguja. Masika yamekwisha, vuli bado, jua haliunguzi, na usiku unatosha kujifunika shuka. Julai ndio pia mwezi wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, mji ulio kusini mwa kisiwa. Watu wengi wakipanga safari hii huanza na hoteli, wakakata tiketi ya boti, ndipo wakauliza kuna nini cha kuona. Anza na tarehe ya Mwaka, kisha tazama mwezi, maana ndio unaopanga kujaa na kupwa kwa maji, kisha boti. Malazi yaje mwisho. Hoteli hukubali kubadilishwa siku, lakini Makunduchi na bahari ya mashariki havimngoji mtu.

Kuipata tarehe

Mwaka Kogwa hufuata mwaka wa jua wa Waswahili, ule wa Nairuzi, wenye siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha siku tano za mwisho. Hauna ile siku ya ziada ya Februari. Kwa hiyo kila miaka minne tarehe yake hurudi nyuma siku moja kwenye kalenda ya ukutani. Ndiyo maana maelezo ya zamani yanayosambazwa kwa watalii hutaja wiki ya nne ya Julai, na anayeyafuata leo anaweza kukuta majivu tu uwanjani. Siku hizi sherehe huangukia katikati ya Julai. Ihakikishe kwa mtu wa Makunduchi au kwa Kamisheni ya Utalii Zanzibar kabla hujalipia chochote.

Shamrashamra huendelea siku nne hivi. Kiini chake, yaani kupigana kwa migomba na kuchoma kibanda, ni siku ya kwanza. Siku zinazofuata ni za ngoma, kula na kutembeleana. Ukiwa na nafasi ya siku moja tu, iwe hiyo ya kwanza, na ulale kusini usiku uliotangulia.

Boti na njia ya kusini

Kutoka Dar es Salaam, boti ya kasi huchukua muda wa saa mbili hivi. Kata tiketi mapema ukisafiri karibu na tarehe 7 Julai: Sabasaba ni sikukuu, na boti hujaa pande zote mbili. Nunua kwenye dirisha la kampuni yenyewe au kwenye mtandao wake. Nje ya lango la bandari kuna watu wanaojitolea kukusaidia kukata tiketi, wengine wamevaa kama wafanyakazi wa hapo. Wapite. Beba kitambulisho, maana jina la kwenye tiketi hulinganishwa nacho. Asiye Mtanzania abebe pasipoti hata kama anatokea bara, kwa sababu Zanzibar ina dawati lake la uhamiaji. Tena, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya nchi hutakiwa kuwa na bima ya safari ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Ni vyema kuilipia kwenye mtandao kabla ya kuondoka.

Ukifika, gari za shamba, yaani daladala za kwenda vijijini, za Makunduchi ni namba 310. Namba 309 huenda Jambiani na 326 huenda Kizimkazi. Gari za kusini hupita Mwanakwerekwe, kwa hiyo ukikosa nafasi zinakoanzia, zingojee hapo, ila utarajie kusimama. Mwendo hadi Makunduchi ni saa moja na nusu hadi mbili, kutegemea vituo. Mizigo hupakiwa juu. Kitu cha kuvunjika kipakate mwenyewe.

Nyumba za kulala wageni Makunduchi ni chache. Wengi hulala Jambiani au Paje, mwendo mfupi kuelekea kaskazini, na huo ni mpango mzuri ukiwa na gari ya asubuhi uliyokwisha kuagiza. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kutofikiria kurudi. Sherehe ikiisha, watu wote hutoka uwanjani kwa pamoja, na gari za shamba hazitembei hadi usiku. Mwenye teksi mwambie saa ya kukufuata na mahali pa kukutana, mbali kidogo na uwanja, kisha umlipe nusu tu. Nusu ya pili mpe akikurudisha.

Siku yenyewe

Fika asubuhi mapema, uone matayarisho na upate pa kusimama. Utawaona wanaume wamevaa makoti mazito, masweta mawili matatu, wengine na kofia za pikipiki, huku jua linawaka. Si kituko. Upande wa kusini wa mji hupigana na upande wa kaskazini kwa mabua ya migomba, na bua bichi la mgomba likikupata begani bila koti utalikumbuka wiki nzima. Wanapigana kwa nguvu kweli, ila lengo si kuumizana: kinyongo cha mwaka unaokwisha kinatolewa hapo, mbele ya watu wote, na hakivuki kuingia mwaka mpya. Mgeni asiingie katikati, hata akipewa bua kwa utani. Simama nyuma ya mstari wa akina mama na watoto. Wao wanajua kundi litasogea upande gani, na wakirudi nyuma nawe rudi.

Wanawake huimba muda wote huo, wamevaa kanga zao nzuri. Baadhi ya nyimbo ni za kupigana vijembe, na nyingine zina maneno mazito ya mapenzi na ya matusi. Kwa siku hiyo zimeruhusiwa. Mzazi aliyefuatana na watoto wakubwa ajue hivyo kabla, asije akaondoka na hasira katikati ya shughuli.

Kisha huja kibanda cha makuti. Mganga hukitia moto, na moshi unakoelekea hutazamwa kama dalili ya mwaka unaokuja. Makuti makavu hushika moto mara moja. Hakuna muda wa kujipanga ukishauona mwali, na hapa ndipo wapiga picha wengi hukosea. Julai ni msimu wa kusi, upepo unatoka kusini na kusini mashariki, basi jipange mapema upande huo ili moshi na cheche ziende mbele yako. Acha hatua ishirini au zaidi. Kanga na mitandio ya nailoni ivaliwe karibu na mwili, isipeperuke.

Juu ya picha: uwanjani watu wamezoea kamera, lakini mganga na wazee waombwe ruhusa kwanza, na mwanamke mmoja mmoja vilevile. Mavazi yafunike mabega na magoti, kwa wanaume na wanawake. Vazi la kuogea libaki ufukweni.

Nyumba za Makunduchi hupenda kuwa na mgeni siku hiyo, kwani kupitisha Mwaka bila mgeni huonwa kuwa mkosi. Ukikaribishwa chakula, ingia. Vua viatu mlangoni, pokea maji ya kunawa, kula kwa mkono wa kulia, na usikatae mara ya kwanza sahani inapoongezwa. Usiende mikono mitupu: kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai zinatosha, akabidhiwe mama mwenye nyumba. Fedha usitoe mezani. Ukitaka kuwapa watoto kitu, mpe mkubwa wao awagawie.

Kuyasoma maji

Sehemu hii ndiyo inayoharibu likizo za watu pwani ya mashariki. Mtu anafika Paje au Jambiani saa nne asubuhi, anakuta bahari imeondoka na kuacha mchanga na mwani hadi kule mwambani, anadhani kadanganywa. Hakudanganywa. Amekuja siku ya bamvu.

Kanuni ya kubeba kichwani ni hii. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvu. Maji hujaa sana karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa sana karibu saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na saa zake hugeuka, yakajaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 40 hadi 60. Siku za bamvu tofauti ya kimo huweza kufika mita nne, na siku za maji mafu ni mita moja na kitu.

Chukua mfano wa 2026. Mwezi mpya wa Julai ni tarehe 14, kwa hiyo tarehe 15 hadi 17 ni bamvu, na maji yatakuwa yamepwa kabisa kati ya saa tano na saa sita mchana. Asubuhi ya siku hizo ni ya kutembea mwambani, na kuogelea ni alasiri. Mwaka 2027 mwezi mpevu ni tarehe 18 Julai, basi bamvu itakuja siku hiyo na zile zinazofuata. Ukiwa na watoto wadogo wanaotaka kuchezea maji asubuhi, tafuta siku za maji mafu, au nenda Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, ambako maji hayakimbii mbali na kusi haivumi kwa ukali.

Kwa matembezi ya mwambani, toka ufukweni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na uanze kurudi saa ile ile yanapofika mwisho wa kupwa. Usingoje uyaone yanaingia. Kati ya mwamba na ufukwe kuna mikondo iliyo chini kuliko mahali uliposimama, nayo ndiyo hujaa kwanza. Mtu anaweza kuwa kwenye jiwe kavu akiokota simbi huku nyuma yake maji yamefika kiunoni. Vaa viatu vyenye soli ngumu, si ndala, maana kuna viumbe vyenye miiba kama sindano inayokatikia nyayoni, na ndala hunaswa na tope. Beba maji lita moja kila mtu na kofia, na simu itie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Nenda na mtu wa pale, umlipe.

Ukikuta safu za vijiti na kamba, hilo ni shamba la mwani. Pita pembeni. Kamba moja ikikanyagwa huangusha kazi ya wiki kadhaa, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake wanaoinama majini tangu maji yanapoanza kupwa. Wasalimie kwanza, kamera baadaye, nayo kwa ruhusa.

Mengine ya kujazia siku

Msitu wa Jozani uko njiani, gari za kusini hupita langoni pake, basi usiufanye safari ya peke yake. Shuka hapo asubuhi, tembea saa mbili, upande gari nyingine. Ni hifadhi ya taifa tangu 2004, pamoja na ghuba ya Chwaka, na kima punju wake hawapatikani popote duniani nje ya Zanzibar. Watakukaribia wenyewe. Usiwaguse wala usiwalishe. Ukimwona mmoja anatafuna mkaa, hajakosa chakula: mkaa humsaidia kukabili sumu ya majani ya miembe na mikungu anayokula. Tiketi hujumuisha mwongozaji na njia ya mbao ndani ya mikoko. Uliza mikoko ipitwe maji yakiwa yamejaa, ndipo hupendeza.

Kizimkazi watu huendea pomboo. Kipupwe bahari ya huko huchafuka upepo ukishapanda, kwa hiyo toka alfajiri au usitoke. Kabla ya kulipa mwambie nahodha wazi kwamba hamtaki pomboo wakimbizwe. Boti tano zikiwazunguka, pomboo huzama na kutokea mbali, na hakuna anayewaona. Msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, unastahili nusu saa yako. Vaa kwa heshima, na uweke sadaka kwenye sanduku.

Mjini, Ngome Kongwe huwa na Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ambalo tarehe zake huhama kati ya Juni na Agosti. Viti vya wazi ni vya mawe, beba kanga ya kukalia na sweta. Forodhani, bustani ya pwani inayouzwa vyakula usiku, nenda swala ya magharibi ikishapita. Uliza bei ya kila mshikaki kabla haujatiwa motoni, na samaki chagua mbichi asiyeonekana kama amekwisha kuchomwa jana akapashwa. Ukisita, kula urojo.

Kurudi bara

Kwenda Unguja kusi hukusukuma kwa nyuma. Kurudi Dar unapanda upepo uso kwa uso, na watu waliokwenda salama hutapika wakati wa kurudi. Chukua boti ya asubuhi, kwani upepo huzidi mchana. Kaa chini, katikati kuelekea nyuma, utazame nje kwenye upeo wa bahari, simu uiweke mfukoni. Dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa hadi saa nzima kabla ya boti kung'oa nanga, maana ikimezwa njiani hutoka pamoja na chai. Asubuhi hiyo kula kidogo, mkate mkavu au kiazi, na urojo wa mwisho ule usiku wa kuamkia safari.